Noah ya Dada Inapanda Kitonga

Mjomba wangu haamini gari lililokaguliwa Dar es Salaam. Mafundi wa Dar anawaheshimu, amefanya nao kazi miaka mingi. Asichokiamini ni jiji lenyewe. Dar ni tambarare, joto ni la mwaka mzima, na mwendo wake ni wa kusimama na kuondoka. Gari linaloishi humo halijawahi kuulizwa habari za baridi, wala mlima mrefu, wala kukimbia masaa manne mfululizo. Linaweza kuwa na maradhi matatu na likazunguka Sinza na Mwenge miaka nenda rudi, kila mtu akilisifu. "Lipandishe Kitonga," husema, "halafu ulale nalo Mafinga. Hapo ndipo utalijua."

Ndivyo tulivyofanya, ingawa nia yetu ilikuwa kulifikisha tu. Dada yangu anafanya biashara ya viazi Uyole, Mbeya. Alinunua Toyota Noah ya zamani kwa mtu wa Dar, akalipa kwa simu, kazi ya kuipeleka akanikabidhi mimi. Mjomba aliendesha malori ya Tunduma mpaka alipostaafu. Aliposikia habari ya Noah hakuuliza kama ananifaa. Aliuliza tunaondoka saa ngapi. Alfajiri alikuja na mita ya umeme, kopo la fyuzi, kipande cha hosi na klipu zake, spana namba 10, 12 na 14, na dumu la maji la lita 20. Akakaa kiti cha kushoto, mita mapajani, daftari mfukoni.

Noah hii ni ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 kwa majina mawili, Townace Noah na Liteace Noah. Iliyofuata, ya mwaka 2001, ilihamishia injini mbele. Katika hii ya kwanza injini imelala chini ya viti vya mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma. Ukifungua boneti yake fupi utakuta rejeta, chupa ya maji ya wipa na vikorokoro vingine, injini huioni. Kuifikia unanyanyua kiti. Abiria anapata nafasi, fundi anapata maumivu ya mgongo. Na maji ya kupoza injini yana safari ndefu: yanatoka kwenye rejeta, yanapita mabomba ya chini ya sakafu mpaka kwenye injini, mengine yanakwenda hadi kwenye hita ya abiria wa nyuma, ndipo yarudi. Kila kiungo hapo ni mahali pa kuvuja, na kila kona ni mahali pa hewa kujibana.

Kabla hatujaondoka mjomba alimulika tochi ndani, akatafuta stika. Magereji ya Japani yana desturi nzuri: wakibadilisha mkanda wa taimingi wanabandika karatasi ndogo yenye tarehe na kilomita. Ya kwetu ilikuwepo, imefifia, lakini namba zilisomeka. Injini hii, 3S-FE ya petroli ya lita mbili, inatakiwa ibadilishiwe mkanda huo kila kilomita 100,000, na mkanda huohuo ndio unaozungusha wota pampu. Uzuri wake ni kwamba ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Gari linazimika tu, unavutwa, unafunga mwingine. Mjomba alilinganisha namba za stika na za kwenye dashibodi, akaguna. "Kama huyu aliyekuuzia hakurudisha kilomita nyuma, tuna nafasi." Akaandika kwenye daftari.

Kimara na Mbezi tulizipita bila shida. Baada ya Mlandizi barabara ilifunguka, upepo wa asubuhi ukaingia, nikashika kilomita 80 kwa saa. Mshale wa joto ulikuwa umepanda vizuri kwenye foleni. Sasa ukaanza kushuka. Kufika Chalinze ulikuwa umelala kwenye robo. Dereva mwingine angefurahi, maana tumezoea kuogopa mshale unaopanda. Mjomba hakufurahi.

Katika Toyota za miaka ile mshale wa joto ni mvivu kwa makusudi. Injini ikishapata moto, mshale unakaa karibu na katikati na kutulia hapo, hata joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike bure. Ukiona umeshuka waziwazi, joto limeshuka kwelikweli. Na injini haitakiwi kupoa njiani. Iko themostati, valvu ndogo yenye nta ndani, inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi joto 82 hivi. Gari likikimbia kwenye upepo, themostati inajibana. Likisimama kwenye foleni, inajifungua. Kwa hiyo mshale unaofuata mwendo wa upepo una jambo la kusema. Mjomba aliandika "Chalinze, mshale chini", akafunga daftari, asinieleze zaidi. Ana tabia hiyo. Hapendi kutaja ugonjwa kwa dalili moja.

Morogoro tulikunywa chai injini ikinguruma, yeye akaweka ncha za mita kwenye betri: volti 14.1. Akawasha taa kubwa, feni na wipa: 13.7. Alteneta nzima, mkanda wake haulii, tukaachana na habari hiyo. Ingekuwa chini ya 13 injini ikiwaka, tungejua tunakula akiba ya betri, na taa kubwa peke yake hula karibu ampea 10. Gari lenye alteneta mbovu husafirishwa mchana.

Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mwendo humo umewekewa kikomo. Pembeni yapo mabango yenye bei za faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Ni orodha inayomfanya dereva asiyependa wanyama awapende. Tulipita twiga wawili na kundi la nyani waliokaa kwenye lami wakisubiri wasafiri wasio na akili watupe ndizi. Mjini Mikumi tukasimama kula wali na kuku. Tuliporudi kwenye gari nikazungusha ufunguo, likasema tak. Mara moja tu. Nikazungusha tena: tak.

Hapa niseme kwa nini nasafiri na huyu mzee. Kwenye kituo kile tulizungukwa dakika hiyohiyo. Mmoja alisema betri imekufa, mwingine alitaka tusukume, ingawa Noah ile ni ya gia za automatiki na haiwashwi kwa kusukumwa. Wa tatu, fundi kijana mwenye ovaroli, alisema anayo stata ya mtumba, nzima, atafunga sasa hivi. Mjomba aliwasalimia wote, akawauliza watoto wao hawajambo, akaniambia nizungushe ufunguo tena huku amefumba macho.

Sauti inatosha kugawa mambo. Ukisikia tk-tk-tk-tk ya harakaharaka na taa za dashibodi zikififia, betri haina nguvu au vichwa vyake vimeota kutu. Kimya kitupu, hata tak hakuna, anza na swichi, fyuzi, au ile swichi ya gia inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye D. Jaribu kuwasha likiwa kwenye N badala ya P. Tak moja nzito, taa zikabaki na mwanga wake, ina maana umeme umefika mlangoni na haukuingia ndani.

Akapima. Betri 12.5 kabla. Niliposhika ufunguo kwenye kuwasha, 12.3. "Umeona? Betri haijashtuka. Stata ikizunguka inavuta umeme mwingi, betri ingeshuka mpaka kwenye 10 na ushee. Hii haijavutwa kitu." Kisha akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, nikazungusha tena: karibu na sifuri. Maana yake waya wa bodi, ule mnene unaorudisha umeme kutoka kwenye injini, ni mzima. Ungekuwa umeoza, volti zingeonekana hapo. Vikabaki vitu viwili: injini yenyewe ya stata, au vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vinavyogusanishwa kila unapowasha. Vipande hivyo huliwa na cheche taratibu, kimoja kwa kawaida kikitangulia, mpaka siku kikigusana hakigusi.

Kijana wa ovaroli aliingia chini na boksi la kulalia, akaitoa stata, akafungua kifuniko cha nyuma. Shaba moja ilikuwa imechimbika. Kwa heshima yake, alisahau habari ya stata nzima mara tu alipoiona, akaenda bandani kwake akarudi na stata iliyokufa ya gari jingine, akachomoa shaba zake, akazipiga msasa, akafunga. Gari likawaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Tulimlipa vizuri kuliko alivyoomba. Barabara ile ilianza kujengwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, baada ya Rhodesia ya akina Ian Smith kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kuhitaji njia nyingine ya kupitishia bidhaa zake, na hadi leo malori yanashuka nayo yakiwa yamebeba shaba kwa tani. Sisi tulikwama kwa shaba isiyozidi ukucha.

Miteremko ya Iyovi nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa mjomba hakunipa nafasi ya kuijaribu. Alinifanya nizime ovadraivu na kushusha gia kwenye 2 kabla mteremko haujaanza, ili injini ishike gari na breki zipumzike. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi joto 205. Yakishalewa maji huchemka kwenye 140, na mafuta yanayochemka hayasukumi kitu, pedali inazama tu. Ndani ya gari linaloshuka Iyovi kwa kukanyaga breki mfululizo, nyuzi 140 si mbali. Tulipita lori limelala ubavuni, watu wakihamisha magunia. Hatukuzungumza mpaka bondeni.

Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu na vitunguu. Vitunguu vimetundikwa kila kibanda, na wauzaji wanakimbia na gari lako kabla halijasimama. Mjomba alinunua kwa ajili ya dada, halafu akafungua boneti. Chupa ya akiba ya maji, iliyokuwa imejaa Dar, sasa ilikuwa chini ya alama ya LOW. Tukainama kutazama chini. Pakavu. Hosi zote kavu. Tulisubiri rejeta ipoe mpaka unaweza kuishika kwa kiganja, tukafungua kifuniko kwa kitambaa, tukaongeza maji. "Maji hayapotei," alisema. "Yapo mahali."

Kutoka hapo hadi Ilula, barabara inauacha uvungu wa bonde la Ruaha na kuukwea ukingo wa nyanda za juu za Iringa. Kitonga ndipo inapokwea kwa hasira: kona baada ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori yanatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gari dogo likikaa nyuma ya lori linapata mabaya mawili kwa pamoja, injini inafanya kazi kubwa kabisa na upepo wa kupoza haupo.

Mshale ulikuwa kwenye robo tulipoanza. Kona ya tatu ulikuwa katikati. Kona ya nne ulivuka.

"Zima kiyoyozi. Washa hita, moto mpaka mwisho, feni mpaka mwisho. Fungua vioo."

Hita ni rejeta ya pili. Inavuta joto kutoka kwenye injini na kulimwagia miguuni kwako. Kwa dakika mbili nilikuwa nimekaa mbele ya tanuri na mshale ulisimama. Kisha ile hewa ya moto ikawa baridi, ghafla. Nilishukuru moyoni. Mjomba alipiga dashibodi kwa kiganja. "Simama! Maji yameisha!" Hewa ya hita ikigeuka baridi wakati injini inaungua, maana yake maji hayaifikii tena hita; na mshale unaweza kushuka pia, kwa kuwa sensa yake imebaki kwenye mvuke. Wengi hudhani gari limepona, wakaendelea, wakafika juu na gasketi imeungua.

Palikuwa na upana wa kuegesha hatua chache mbele. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukakata matawi tukayapanga barabarani nyuma yetu, na pembetatu nyuma ya matawi. Madereva wa malori waliokuwa wakipanda walipiga honi, wawili wakauliza, "Mzee, mna maji?" Kitonga mtu habaki peke yake. Halafu tukakaa. Hilo ndilo gumu. Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Ukiimwagia maji baridi ikiwa na moto ule, inapinda au inapasuka, na kilichokuwa hosi ya bei ya chakula cha mchana kinageuka injini nzima. Tulisubiri hadi jua likahama upande wa pili wa bonde.

Injini ilipopoa, mjomba alijaza maji, akaniambia niwashe, yeye akalala chini na tochi. Maji yalipopata moto na mgandamizo kupanda, akacheka huko chini. Bomba la chuma la hita ya nyuma, lile linalopita chini ya sakafu, lilikuwa limeota kutu na kutoboka tundu la sindano. Likiwa baridi halivuji. Likipata moto linarusha uzi wa maji juu ya ekzosi, yanageuka mvuke, hakuna tone linalofika chini. Ndiyo maana Ruaha Mbuyuni palikuwa pakavu.

Hita ya nyuma tukaikata kwenye mzunguko: kipande chetu cha hosi kikaunganisha bomba la kwenda na la kurudi, klipu mbili, kwisha. Kazi iliyobaki ni kutoa hewa, ambayo kwenye Noah ni nusu ya ugonjwa, kwa vile injini iko mbali na rejeta na mabomba yanapanda na kushuka. Gari linatakiwa liegeshwe pua juu, kifuniko wazi, hita ikiwa moto, injini kwenye sailensa, unaongeza maji taratibu mpaka mapovu yaishe. Gereji zinatafuta ngazi ya kupandishia. Sisi pua yetu ilikuwa imeelekea mbinguni tayari, Kitonga ilitusaidia kwa hilo.

Mapovu yalikwisha, na kwisha kwake kulikuwa habari njema. Yangeendelea bila kikomo, yangekuwa moshi wa silinda unaoingia kwenye maji kupitia gasketi iliyoungua. Mjomba alifungua pia kifuniko cha oili akapitisha kidole: weusi wa kawaida. Maji yakiingia kwenye oili inakuwa kama chai ya maziwa, na hapo safari inaendelea juu ya lori la mtu mwingine.

Kifuniko cha rejeta nacho kilikuwa na kosa. Mpira wake ulipasuka. Kifuniko kile, chenye alama ya 0.9, kazi yake ni kubana mgandamizo ili maji yasichemke kwenye 100 bali karibu na 120. Kisipobana unapoteza nyuzi zote hizo, na kadiri unavyopanda unapoteza nyingine. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Tulifika Ilula polepole, tukapita nyanya zake zilizopangwa kwenye ndoo, tukanunua kifuniko kipya Iringa maduka yakikaribia kufungwa, tukaenda kulala Mafinga.

Ilikuwa Julai. Mafinga iko juu zaidi ya mita 1,800, katikati ya misitu ya misonobari ya Sao Hill, na asubuhi ya Julai huko inaingia mpaka kwenye mifupa. Stata ilizungusha vizuri kabisa, shaba za Mikumi zikifanya kazi yake. Injini ikakataa. Ikashika, ikatetemeka, ikazima. Nikishika resi inaishi, nikiachia inakufa. Baada ya dakika kama kumi za kubembelezwa ilipata moto, ikatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Muuzaji wa Dar hakudanganya aliposema gari linawaka kwa mguso mmoja. Dar hakuna asubuhi ya namna hii.

Kwenye Toyota za umri huu huhitaji mashine ya kupimia. Kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, ndani yake matundu yenye majina. Mjomba aliunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya cheki injini kwenye dashibodi ikaanza kukonyeza. Ikikonyeza kwa mapigo sawasawa bila kusita, kompyuta haijaona kosa. Ya kwetu ilikonyeza mara mbili, ikanyamaza, ikakonyeza mara mbili: 22. Sensa ya joto la maji.

Sensa za joto ziko mbili. Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye mshale, kwa ajili ya dereva. Yenye waya mbili inapeleka kwenye kompyuta, ili ijue imwage petroli kiasi gani. Ya pili ikikatika, kompyuta haikati tamaa, inajifanya maji yako kwenye nyuzi 80 na kuendelea na kazi. Kwa Dar hilo linapita kimyakimya. Mafinga, injini ikiwa na baridi la nyuzi tano, inapewa petroli ya injini yenye moto, inabaki na njaa. Mjomba alipima sensa yenyewe: zaidi kidogo ya omu 4,000, sawa kabisa kwa baridi ile, ikiwa na nyuzi 80 ingesoma kati ya 200 na 400. Sensa nzima. Akafuata waya kwa vidole. Fundi mmoja wa zamani alikata soketi, akasokota waya kwa mkono, akafunga tepu. Tepu ilikuwa imegeuka unga na waya wa kijani kwa kutu ulining'inia. Tukausafisha, tukausokota upya na kuubana vizuri, tukachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kompyuta isahau, tukairudisha. Taa ikakonyeza sawasawa. Mafundi wengi wangeuza sensa hapo, na mteja angerudi baada ya wiki akinung'unika kwamba spea za siku hizi ni feki.

Baridi ile ilitupa na jambo la mwisho. Niliwasha hita ya mbele, safari hii kwa raha zangu, na kuelekea Makambako ikawa inapuliza hewa ya vuguvugu, isiyopasha hata vidole. Maji yamejaa, hewa imetolewa, kifuniko kipya. Mshale kwenye robo. Mjomba akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa Chalinze.

"Mjomba," akaniambia, "humu ndani hakuna themostati."

Desturi hiyo anaijua kila mwenye gari wa pwani. Gari likichemsha mara moja, fundi anang'oa themostati na kuitupa: nchi ya joto hii, ya nini? Kwa injini nyingi hiyo ni dhambi ndogo, zinakula petroli zaidi na kuchakaa mapema. Kwa 3S-FE ni kubwa zaidi, kwa kuwa themostati yake ina kazi ya pili. Inapofunguka kuelekea rejeta, kisahani cha chini yake kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare upepo unazidi nguvu na injini inapoa mno. Mlimani, ambapo kila tone linahitajika kwenye rejeta, sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka. Kwa hiyo aliyeing'oa ili gari lisichemshe aliliandaa lichemshe Kitonga. Bomba lililotoboka lilimalizia tu.

Tulishuka Igawa, tukapita Chimala na Igurusi kwenye upepo wa Usangu, jioni tukaingia Uyole. Dada alitupokea kwa "Shikamoo mjomba" na ugali wa moto, akazunguka gari akilipapasa. Mjomba hakumkabidhi ufunguo. Kesho yake alikwenda mwenyewe Mwanjelwa kwenye maduka ya SIDO, akarudi na themostati, na kabla ya kumpa fundi akaiomba sufuria ya dada. Akaining'iniza kwa uzi ndani ya maji jikoni, akawasha jiko, akasimama hapo mikono nyuma. Uyole maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo themostati ya 82 lazima ifunguke kabla ya mapovu makubwa. Inayofunguka baada ya hapo, au isiyofunguka, inarudishwa dukani. Ilifunguka. Dada alisema sufuria hiyo hapikii tena.

Fundi alipofungua nyumba ya themostati, ndani mlikuwa mtupu. Akafunga mpya, ile valvu ndogo ya kupitishia hewa ikiwa juu, tukatoa hewa tena, safari hii kwa kupandisha gari kwenye kilima cha nyuma ya soko. Dada akaendesha hadi Mbeya mjini na kurudi. Mshale ulikaa katikati, haukwenda popote, na hita ilimtoa jasho mpaka akavua koti.

"Gari zuri," alisema aliposhuka. "Ila hii redio inashika stesheni mbili tu."

Redio ya Japani ya miaka ile inasikiliza FM kuanzia 76 hadi 90, na zetu ziko kati ya 88 na 108. Kipo kisanduku kidogo cha kupachika kwenye waya wa antena. Mjomba alikuwa ameshapiga magoti, kichwa chini ya dashibodi, ananiomba bisibisi.